Mtani Amelala Njiani

Ilianza Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, nikichambua mchicha na Bibi nyuma ya nyumba yetu hapa Mabwerebwere. Kaka Hamisi alipita na fulana mpya ya chama, akaninong'oneza kwamba kesho asubuhi wanakwenda kuvuruga mkutano wa wapinzani kule Ruaha.

"Gari litatupitia hapa. Wakileta ubishi, mawe."

Mimi sina mdomo, nikaendelea kuchambua. Ila Bibi ana masikio. Kaka alipoondoka nikamuuliza jambo linalonisumbua tangu kampeni zianze: mtu anawezaje kumpiga jirani kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Bibi akatabasamu.

"Mwanangu, nami nilikuwa binti kama wewe, kule Mamboya. Siku hiyo bado naiona. Vijana wetu walishika fimbo kuwafuata wenzao wa upande wa pili, ugomvi wa uchaguzi, nasi wasichana nyuma tunapiga vigelegele. Njiani tukamkuta mzee wa Kinyamwezi, aliyebaki huku tangu kazi ya reli, amelala katikati, kajifunika shuka jeupe kama maiti.

'Nizikeni kwanza, Wakaguru msio na adabu! Makaburi yenu nachimbaga mimi. Leo nimechoka, jichimbieni!'

Sasa, Wanyamwezi ni watani wetu, na mtani hapigwi, wala harukwi. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, na anayecheka fimbo haimkai mkononi. Mzee akainua kichwa, akaniona mimi. 'We wa vigelegele! Huyo unayemshangilia, jina lako analijua?' Nilitamani ardhi ipasuke.

Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kweli. Lakini siku hizi tembo wamekaa, nyasi ndizo zinaombwa zipigane, nazo zinakubali! Kwa hiyo shika hili, mwanangu: piga kura ukifika umri, bisha mpaka koo likauke, jiwe usiokote. Mgombea atahamia Dodoma, nawe utabaki na jirani, na siku ya msiba ndiye atakayebeba jeneza. Mungu akupe mkono wa kusalimia, na ulimi usioogopa pale unapohitajika."

"Mbona humwambii Kaka mwenyewe?"

"Mimi ni bibi yake. Ataitikia 'ndiyo Bibi', kisha ataenda. Mtani ndiye asiyekataliwa."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, mtani wetu pia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shikamoo ilinitoka kwa shida.

"Marahaba, Mkaguru mdogo. Umekuja kuiba maziwa?"

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alivaa ndara zake, akaja kwetu, akajibwaga mlangoni, miguu kainyoosha nje.

"Hamisi! Mgeni wako nina njaa! Wakaguru siku hizi mnapika mawe?"

Kaka alijaribu kununa, akashindwa, akacheka. Mara gari likapiga honi barabarani. Akaniangalia. Nikatoka mimi, vijana wote wa garini wananitazama, nikamwambia dereva:

"Nendeni tu. Kaka ana mgeni."