Friji ya Barafu na Mkanda wa Harusi

Jumapili nilimkuta jirani yangu wa Kipawa sebuleni, akihamishia mkanda wa video ya harusi yake kwenye kompyuta. Picha zilijaa michirizi. Alisafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma mkanda, akabadilisha waya, wapi! Nikamwonyesha friji ya mama yake ya barafu za kuuza, iliyochomekwa kwenye soketi moja na kompyuta; huenda ndiyo iliyovuruga umeme.

"Mama, tuizime kidogo," jirani akamwomba mama yake aliyekuwa mlangoni.

Mama akashika kiuno. "Ng'o! Barafu zangu ziyeyuke kwa ajili ya video?"

Mara, katikati ya michirizi, akaonekana mwanamke akicheza, kanga kiunoni.

"Nani yule?"

"Si ni wewe, mama!"

Akaichomoa friji mwenyewe. Michirizi ikatoweka yote.

"Rudisha nyuma," akaamuru, "pale nilipoanza."

Barafu zilizoanza kuyeyuka tulizinyonya bure, mtaa mzima. Ukitaka mama wa Kipawa azime friji, usimweleze habari za umeme; mwonyeshe alivyocheza harusi ya mwanawe.