Bei za Kigoma na Nyumba Iliyofungwa

Bwana mkubwa wa idara yetu ya mifugo pale Tabora, Mzungu, aliniita ofisini akaniambia kwamba maisha ya Kigoma ni rahisi. Nilikuwa nimepandishwa cheo niwe mkaguzi wa nyama na ngozi mjini humo, lakini posho sitaongezwa, kwa sababu samaki kule ni wa bure na Mwafrika hahitaji mengi. Likizo yangu ilikuwa inaanza, akataka nimjibu nikiimaliza. Nikikataa, cheo kitapewa mwingine.

Mimi si mtu wa kuambiwa bei ya chakula changu na mtu asiyekwenda sokoni. Marehemu baba alilima karanga kijijini Ntalikwa na hakuwahi kushika kalamu. Karo yangu niliitafuta mwenyewe kwa kuuza asali na nta, nikasoma Uganda, nikarudi na diploma ya mifugo. Katika idara yetu nzima hapakuwa na Mnyamwezi mwingine aliyekuwa nayo. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu, Yustina, kwamba nakwenda Kigoma kuona kwa macho yangu kama mshahara ule utatulisha.

Yustina alikuwa akimwachisha mwanetu ziwa. "Uliza maziwa kwanza," alisema. "Mtoto hatakunywa cheo."

Jioni, stesheni ya Tabora, karani wa tiketi alinitazama viatu, akanitazama uso. "Daraja la tatu ni dirisha lile," akasema.

"Najua kusoma. Nipe daraja la pili."

Alinipa, lakini alizigeuzageuza noti zangu kama mtu anayekagua ngozi mbovu.

Baada ya Urambo na mashamba yake ya tumbaku giza liliingia, nikalala. Asubuhi tulikuwa tunavuka mabonde ya Malagarasi, maji na matete pande zote. Stesheni ya Uvinza akina mama waliinua chumvi madirishani. Chumvi ilikuwa rahisi kuliko ya Tabora, nakiri. Lakini hakuna nyumba inayoishi kwa chumvi.

Kigoma nilipokewa na shemeji yangu Saleh, fundi cherehani wa Ujiji, aliyemwoa binti wa baba yangu mdogo. Alikuja na baiskeli. Aliponiona na suti akacheka mpaka akaegemea baiskeli.

"Shemeji, unakwenda kufunga ndoa au kuuliza bei ya dagaa?"

Tulikwenda moja kwa moja sokoni. Mama mmoja alikuwa amepanga samaki wa ziwani, migebuka, mitatu mitatu kwenye jani la mgomba. Aliyetutangulia alilipa senti thelathini kwa fungu. Nilipofika mimi, fungu lilelile likawa shilingi.

"Vua tai, tununue kwa bei ya watu," Saleh aliniambia.

"Sivui."

"Basi kasimame kule kivulini, ninunue mimi."

"Sisimami kivulini pia. Nikihamia hapa nitakuja sokoni hivi hivi kila siku. Hiyo ndiyo bei yangu, na ndiyo niliyoijia."

Yule mama akamwambia Saleh, "Mwache bwana alipe. Mshahara wa Serikali hauozi kama samaki."

Nililipa. Mawese yalikuwa rahisi, mchele ghali. Maziwa mabichi karibu hayakuwepo. Yaliyokuwepo yalikuwa ya makopo, dukani kwa Mhindi, kopo moja kwa bei ya chupa tatu za Tabora. Mtaa wa Mwanga nilionyeshwa chumba cha udongo ambacho kodi yake ingekula robo ya mshahara, na maji ni ya kununua kwa debe. Tabora kisima kiko uani, na mama mkwe hutuletea michembe ya viazi vikavu na mtama kutoka kwao Goweko bila kututoza hata senti. Nilizidi kukasirika kila nilipopiga hesabu.

Kesho yake nilipanda kilima kwenda kuiona ofisi ambayo ingekuwa yangu. Tarishi, Mzee Kabwe, alikuwa anafagia baraza. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Ndiye wewe mkaguzi mpya?"

"Huenda. Yule Mzungu aliyekuwa na kazi hii kabla yangu alikuwa anapanga wapi?"

"Kupanga?" Mzee aliacha ufagio. "Alikaa nyumba ile ya bati jekundu. Ni ya kazi hii. Alikuwa halipi kodi, bomba liko ndani, na bandani kulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa."

"Sasa anakaa nani?"

"Imefungwa. Wamesema si ya kazi hii tena."

"Tangu lini?"

"Tangu walipopata habari kwamba anayekuja ni mmoja wetu."

Nilikwenda nikaizunguka. Madirisha yalikuwa mazima, bati zima, bomba linadondosha maji kwenye majani. Nilisimama pale mpaka shati likalowa jasho. Mzungu aliyelipwa mara kadhaa zaidi yangu alilala bure, halafu mimi naambiwa maisha ni rahisi.

Nilirudi Tabora kwa treni iliyofuata, na siku ya kwanza ya kazi nikaingia kwa bwana mkubwa.

"Nyumba ile inatengenezwa," alisema.

"Nimeiona. Haina tundu wala fundi."

Akaegemea kiti. "Babu zenu walikwenda Ujiji kwa miguu, na mizigo kichwani, kwa malipo ya vitambaa tu."

"Walikwenda," nikamjibu, "lakini hakuna Mnyamwezi aliyenyanyua mzigo kabla posho haijapimwa mbele yake. Pasipo posho, mzigo ulibaki chini na mwenye msafara alibaki nao. Mimi wangu ninauacha hapa."

Alisema basi nitabaki na cheo nilichonacho. Nikasema vema.

Nyumbani Yustina alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Heri. Nilikwishaanza kuwaza bei ya yale makopo ya maziwa."

Enyi ndugu mnaotakiwa kuhama, msihangaike sana na bei ya unga. Ulizeni aliyekuwa na kazi hiyo kabla yenu alilala wapi, na kwa fedha za nani.

Kigoma alipelekwa Mzungu mgeni asiye na diploma. Saleh aliniletea habari kwamba nyumba ya bati jekundu ilifunguliwa asubuhi ileile aliposhuka kwenye treni.