Nihamishie

Kompyuta yangu mpya niliifunga jela mwenyewe. Nyumba mbili za mtaani kwetu, Junda, zilikuwa zimevunjwa na wezi, nami biashara yangu ya kuchapa na kupiga picha za pasipoti ndiyo inayotulisha mimi na baba. Nikamwita fundi wa kuchomea vyuma akaizungushia nondo na kuibana sakafuni, chini ya meza. Mbele aliacha nafasi ya kuwashia na matundu mawili ya kuchomeka vitu. Nyuma akaziba kwa nondo zilizobanana. Nilimsifu, tena kwa sauti.

Siku mdogo wangu anasafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, alikuja asubuhi na diski mpya mkononi. Mama yetu alikuwa ameshatutoka. Video zake zote zilikuwa kwenye diski kuukuu ya baba, hakuna nyingine kokote, na baba alishasema: diski hii haitoki humu ndani, anayemtaka mama yake apewe nakala.

"Dada, nihamishie zote," mdogo wangu akasema.

Ndivyo tunavyosema sote huku. Nihamishie picha, nihamishie wimbo, na mwenye nazo hapungukiwi na kitu.

Nikazichomeka diski zote mbili kwenye kigawanyo, kidude cha matundu mengi kinachoingia kwenye kompyuta kwa waya mmoja, maana tundu la pili lilikuwa na kipanya, nikaanza kunakili. Ala! Kompyuta mpya, inang'aa, niliyoapiwa kwamba ina mbio, inatambaa. Muda uliobaki ulikuwa ukipanda badala ya kushuka. Nikabadilisha waya. Nikaisimamisha ile programu ya kukagua virusi, nikidhani ndiyo inayopekua kila video kama askari wa kizuizini. Nikazima, nikawasha. Wapi! Mdogo wangu ameketi na begi miguuni, gari la wakala wa kazi lingempitia alasiri kumpeleka uwanja wa ndege, kule karibu na Port Reitz, na mkilikuta daraja la kuvukia kisiwani limejaa magari mmekwisha. Joto limetushukia. Dirisha lina nondo, mlango una nondo. Nikamfokea bure: "Hebu acha kunihemea shingoni!" Akasogeza kiti nyuma, nami nikajichukia papo hapo.

Ndipo nikakumbuka alichoniambia muuzaji. Matundu ya mbele ni ya mwendo wa zamani. Yenye mbio ni yale ya buluu, nyuma. Nyuma! Ndani ya nondo zangu mwenyewe. Nikaisimamisha kazi, nikalala kifudifudi chini ya meza, nikaupenyeza mkono na waya wa kigawanyo hadi juu ya kiwiko, nikapapasa, nikachomeka. Kuutoa mkono sasa, haukutoka.

"Anza upya wewe!" nikamwambia. "Chagua zote, zipeleke kwenye diski yako."

Kompyuta nimeiwekea Kiswahili, niliona fahari kweli. Kwenye kioo kuna maneno mawili yanayokaa jirani: Nakili na Hamisha. Mimi niko sakafuni, pua kwenye vumbi, sikuona alichobonyeza. Nilisikia tu kigelegele.

"Dada, inakimbia! Haki ya Mungu inakimbia!"

Honi ya gari ililia kabla kompyuta haijamaliza. Akasimamisha, akachomoa diski yake. "Nilizopata zanitosha," akasema. "Zilizobaki utanitumia." Akapiga magoti akanibusu kisogoni, maana hapo ndipo alipoweza kunifikia. Mimi sikumkumbatia. Baba alikuja na mafuta ya nazi akanipaka mpaka mkono ukateleza, nikakimbilia mlangoni nikichuruzika mafuta. Gari lilikuwa limekwisha kata kona.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, baba akaomba kumwona mama. Nikafungua diski yake. Yesu wangu! Kila video iliyofika kwa mdogo wangu ilikuwa imeondoka kwetu. Zilikwenda kwa mpangilio wa tarehe, za zamani kwanza: mama akikuna nazi huku akitutania, mama akicheza harusini mpaka kanga inamdondoka, mama akituita uani nasi tukiitika "Abee!" Zote ziko Uarabuni. Tulizobakiwa nazo ni za wodini.

Mdogo wangu mwajiri amemnyang'anya simu. Hupewa ya nyumba hiyo mara mojamoja, mwenye simu amesimama kando, na kompyuta haruhusiwi kuigusa. Sijamwambia. Atalia kule peke yake, nani atamnyamazisha? Na mkataba wake ndio kwanza umeanza.

Baba hajui habari za kunakili na kuhamisha. Nikamfungulia video moja iliyo afadhali, mama ameegemezwa kwenye mito, anajaribu kutabasamu. Baba akaitazama mpaka mwisho. Kisha akanisogezea kipanya, taratibu.

"Huyu ni mgonjwa," akasema. "Niwekee mama yako."