Maungio Manane Chini ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Makole, Dodoma, nilitegemea kupewa brashi ya rangi. Msimamizi wa Rangi, mzee asiye na maneno mengi, alinipa brashi ya waya na kunionyesha rundo la madirisha yaliyotoka kuchomelewa. Nikakwangua kutwa nzima. Jioni alipitisha kidole kwenye pembe moja tu, akaniambia kesho nianze upya. Nilimchukia mwezi mzima.

Lakini alikuwa na sababu. Chuma kikichomelewa, mshono hubaki na gome jeusi, na rangi iliyopakwa juu ya gome hubanduka nalo. Kwa hiyo unakwangua, unapiga msasa, unafuta mafuta kwa kitambaa chenye tina, kile kiyeyusha rangi, ndipo unapaka praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Ikikauka, inafuata rangi ya mafuta. Bomba za zinki zina praima yake. Ya kawaida haizishiki. Miezi ya upepo tulipaka asubuhi na mapema, kabla vumbi halijaja kulala juu ya kazi yetu.

Baadaye tuliletewa Mkuu wa Karakana mwenye haraka kama anafukuzwa. Alitutuma Nkuhungu kujenga mnara wa tangi la maji kwenye zahanati. Wenzangu walichomelea, mimi nikapaka. Nilikuwa nimebakiza maungio manane ya juu, pale tangi linapokaa, lori likafika na tangi. Hapakuwa na muda wa kusubiri praima ikauke. Nikapaka rangi ya mafuta juu ya chuma kitupu, nikijifariji kwa maneno yanayotuponza wengi hapa: Dodoma kukavu, kutu itoke wapi? Nilisahau kwamba tangi hutoa jasho, na jasho lake huishia pale pale.

Kila nilipopita nikawaona kina mama, watoto migongoni, wamepanga ndoo chini ya mnara. Niliogopa, nikanyamaza. Mwaka wa tatu niliona mchirizi wa kahawia ukishuka kwenye nguzo. Kesho yake nilienda kwa Mkuu wa Karakana nikasema yote, nikijua nafukuzwa kazi.

Aliniuliza, “Nani mwingine anajua?”

“Hakuna, mzee.”

“Basi kalete ngazi, Mama Neema. Twende sasa hivi.”

Tuliwaondoa watu, tukamwaga maji, vijana wakashusha tangi. Mkuu alipanda mwenyewe, akakwangua rangi yangu, akagonga maungio kwa nyundo moja baada ya jingine. Mimi chini nilikuwa nahesabu. La nane lilipolia, aliinama akaniambia, “Kutu imekula ngozi tu. Nyama ipo.” Nililia mbele za watu, wala sikuona aibu.

Tulikwangua upya, tukapaka praima mikono miwili, yaani mara mbili, tukasubiri ikauke kwelikweli. Mkuu wetu mwenye haraka alikaa kwenye ndoo akisubiri nasi.

Sasa nimestaafu, naishi Ipagala. Mafundi vijana huniuliza wanunue rangi gani, nami nawajibu kwa furaha. Jioni natembea mjini popote ninapotaka, na hakuna chuma nilichokipaka ninachoogopa kupita chini yake.