Jua la Chumba cha Nyuma

Nyumba yetu ya Turffontein, jirani na uwanja wa mbio za farasi, ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, familia nne na choo kimoja. Asubuhi za shule sikuchelewa kwa uvivu, nilichelewa kwa foleni, ingawa mwalimu hakuwahi kuamini. Mimi na mama tulikaa kwenye sebule ya zamani, na barazani mama aliweka cherehani yake. Familia mbili ziligawana vyumba vya kati kwa ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, anaombewa afya upande wa pili. Na nyuma kabisa, ukishapita kamba za kuanikia nguo, palikuwa na chumba cha Bibi.

Bibi si wa damu yangu. Mama katoka Lubumbashi, Bibi katoka Tanga. Mumewe alikuwa mlinzi mjini, akafariki humo humo chumbani, na Bibi akabaki. Mama alipokwenda kununua vitambaa alikuwa akiniacha kwake, tangu natambaa. Ndiyo maana watoto wengine wa nyumba ile walijua Kiingereza na Kizulu tu, lakini mimi naongea Kiswahili ambacho mama anasema ni cha kusomea taarifa ya habari. Bibi mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, alijifunza maneno matatu ya hapa: eish ya kushangaa, sharp ya kukubali, na robot, yaani taa za barabarani. Alidai yanatosha kumfikisha popote.

Mwaka jana mwenye nyumba alihamia pwani kwa binti yake, akatuma ujumbe kwamba anauza. Wote tulijua maana yake. Anayenunua nyumba kama ile huanza kwa kuwatoa waliomo. Sisi wengine tungepata chumba mahali. Bibi je? Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Ngazi za baraza zilikuwa tatu tu, na alizipanda akizitukana moja moja.

Dalali, kijana mwenye viatu vyenye ncha kali, alianza kuleta wanunuzi kila Jumamosi. Baada ya wiki mbili alichoka kuwatembeza, akawa anabaki garini na simu yake, na kazi hiyo ikaniangukia mimi kwa sababu ya Kiingereza changu. Hakuna aliyenituma kudanganya. Hicho kilikuwa kipaji changu binafsi.

Wa kwanza, mtu na mkewe, niliwaambia kwamba siku za mashindano ya farasi maji ya bafuni hutoka kahawia, maana farasi wa uwanjani huoga kwanza. Wa pili alikuwa jamaa wa miwani nyeusi. Nilimnong'oneza kwamba kuna mpanda farasi aliyekufa zamani, na kila alfajiri huja kujipima uzito kwenye chumba cha kati. Nikamwonyesha na mizani. Akaondoka bila kuangalia paa. Nyumba nzima ilicheka. Bibi alinitaka nimrudilie kila uongo kwa Kiswahili, taratibu, asikose hata punje, akicheka huku kashika mbavu. Mama aliniambia niache, lakini pini alizozibana mdomoni zilikuwa zikitetemeka.

Kisha akaja yule bwana wa sweta ya madereva wa basi. Alikuja peke yake, akafuta viatu mlangoni, jambo ambalo hata sisi wenyewe hatukuwa tukifanya. Hakuuliza habari ya bei wala paa. Aliuliza tuko wangapi, nani alianza kukaa hapa, nani anafanya kazi gani. Nikajiambia, huyu hatari, anahesabu vichwa ajue atafukuza wangapi. Alipouliza nani anakaa nyuma, nikatoa silaha yangu kubwa.

Kwetu Waswahili, ukisema mtu katoka Tanga, wenzako wanajifanya kushika hirizi. Ni utani, na Bibi mwenyewe alikuwa akitutisha kwamba atatugeuza kuku. Nilimwambia yule bwana kwamba bibi wa nyuma si mtu wa kawaida, na wapangaji wawili waliogombana naye hawapo tena duniani. Sikumwambia kwamba ni utani.

Akasema anataka kumsalimia hata hivyo.

Bibi alikuwa akikata vitunguu. Akajifuta kwenye kanga, akampa mkono, na yule bwana akaupokea kwa mikono yake miwili. Bado kaushika, akatazama ukuta wenye unyevu na lile dirisha dogo kama sahani. Akaniambia nimwulize kama humu anapata jua la kutosha.

Mimi nikasikia mtu anayepanga kuvunja chumba.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema chumba kichafu."

Bibi alicheka. "Mwambie karibu. Chai ipo, na mimi nimeshakizoea."

Nikamgeukia yule bwana, uso mkavu kabisa, nikasema kwa Kiingereza: "Anasema ukiinunua nyumba hii, hutaumaliza mwaka."

Aliitoa mikono yake polepole, kwa heshima. Hilo ndilo ninalolikumbuka, ile heshima. Mkono wa Bibi ukabaki hewani kidogo. Aliutazama, kisha akarudi kwenye vitunguu. Siku hiyo hakuniomba nimrudilie.

Dalali alirudi baada ya majuma mawili kutuambia kwamba nyumba imeuzwa kwa mtu mwingine, ambaye hakuwahi hata kushuka garini. Kisha, akiwa ameegemea cherehani ya mama, akamsikitikia yule dereva. Alitaka kuhamia kwenye vyumba vya kati wale wa pale watakapokuwa tayari kuhama, sisi wengine tubaki, kodi zetu zimsaidie kulipa benki. Hata yule bibi wa chumba cha nyuma alikuwa na mpango naye, amfungulie dirisha kubwa upande wa mashariki. Akabadili nia ghafla, hakusema kwa nini.

Mama alitoa pini mdomoni.

"We mutoto. Ulimwambia nini ule baba?"

Nikasema sikumwambia kitu. Mtu ambaye siku zote nina la kusema.

Barua za kutuhamisha zilikuja. Mimi na mama tulipata chumba Rosettenville. Bibi alichukuliwa na mpwa wa marehemu mumewe, Berea, ghorofa ya sita, jengo ambalo lifti yake imekuwa stoo ya magodoro. Vijana wawili walimpandisha kwenye kiti cha plastiki, na yeye akawa anapunga mkono kama malkia. Tangu siku hiyo hajashuka.

Huwa nakwenda Jumamosi, kwa kuwa siku hizo hazina tena wanunuzi. Juzi nilimkuta kitandani kwake, nyuma ya pazia linalokigawa chumba. Upande wake una dirisha kubwa, na jua lilikuwa limejaa hadi miguuni. Nikamwamkia, nikaanza kumsimulia vituko vya shule. Akanikatiza.

"Yule bwana wa sweta. Aliyenipa mkono kisha akauondoa. Nilimkosea nini?"

Nilikuwa na majibu matano ya kuchekesha. Nikamwambia ukweli, wote, mpaka habari ya dirisha.

Bibi aliuinua ule mkono. Kisha akakinusa kiganja chake.

"Mimi nilidhani ni vitunguu," akasema. "Niliuosha huu mkono, mjukuu wangu, jioni ile yote nikiuosha."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama magari yaliyosimama kwenye robot huko chini, madogo kama vifungo vya mama.

"Na yeye aliuliza nini hasa?"

"Aliuliza kama unapata jua."

Akaivuta miguu yake, akaigeuza kwenye mwanga, upande huu, halafu upande wa pili.

"Mwambie napata," akasema.

Nikasema sawa Bibi, nitamwambia. Hata namba yake ya simu sina.