Filta ya kupiga picha za maji ilivyomfuta Papa Kitenge kwenye kiti, Kalemie enzi za Zaire

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa ziwani.

Kuna mwenzetu ameuliza anunue filta gani ili apige picha za mto, maji yatoke laini kama moshi. Naona mmemrushia majina ya kampuni na bei. Mimi namjibu kwa yaliyonikuta. Sitii chumvi hata punje, maana yenyewe yanatosha.

Enzi hizo nchi inaitwa Zaire. Nilikuwa na studio ndogo Kalemie, karibu na bandari, na chumba cha giza nyuma cha kusafishia picha. Kamera moja. Filta mbili, ya njano na nyekundu.

Vijana wa simu, tulieni niwaeleze. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Filta ya njano inatia anga giza kidogo, mawingu yanaonekana. Nyekundu inatia giza zaidi, unadhani mvua inakuja. Kwa picha za harusi zilinitosha kabisa.

Sasa akaja Papa Kitenge.

Huyu alikuwa kontrolere, yaani mkagua tiketi, wa treni ya Kabalo, mtu mnene, mcheshi, na alikuwa anakaribia kustaafu. Akanifungulia kalenda ya Ulaya. Mlima, mawe, na maji meupe kama pamba.

"Mutoto wangu, njo hivi ninataka. Mimi mbele, Lukuga nyuma, maji kama moshi. Nitaitundika salon."

Salon ni sebule, na "njo" ni "ndiyo" ya kwetu.

Lukuga ndio mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Ukitoka mjini kidogo, kuna mahali unapita juu ya mawe kwa fujo. Nikasema sawa, Papa, kazi ndogo.

Haikuwa ndogo.

Ili maji yawe moshi, lazima kamera ibaki imefunguka muda mrefu. Na ukiifungua muda mrefu kwenye jua letu, picha inaungua, inatoka nyeupe tupu. Kwa hiyo unahitaji kioo cha kupunguza mwanga. Nikajaribu nyekundu: maji yakatoka kama mawe yaliyorushwa. Nikapachika nyekundu juu ya njano: pembe za picha zikawa nyeusi, maji bado mawe.

Nikamwagiza Ramazani, mfanyabiashara aliyekuwa anavuka ziwa kwenda Kigoma. Nikamwambia aniletee filta nyeusi, ya maji.

Akarudi amekumbatia boksi kubwa. Ndani kuna ndoo ya kuchujia maji ya kunywa.

"Si ulisema filta ya maji? Hii hata kipindupindu hakipiti!"

Wakuu, ile ndoo tuliitumia nyumbani miaka mingi. Lakini kwenye lenzi haikai.

Mwishowe Papa Kitenge mwenyewe akaleta kioo cheusi cha mafundi wa kuchomelea chuma. Nikakibandika kwenye lenzi kwa sparadra, ile plasta ya vidonda. Kioo kilikuwa cheusi hata ukichungulia huoni kitu. Unapanga picha kwanza, ndipo unabandika.

Siku ya siku, Papa akaja amevaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi na viatu vipya vinavyombana. Kila mtu kando ya Lukuga akatambua kuna mkubwa. Nikamweka kwenye kiti, mto nyuma yake. Visigino akavitoa nje ya viatu kisirisiri, apumzike.

"Papa, usitikisike mpaka niseme."

"Mimi? Mimi ni jiwe."

Nikafungua kamera, nikakodolea saa yangu macho. Kazi yangu ilikuwa saa tu.

Nikasikia "Mama yangu weee!" Nikadhani anaimba. Kumbe kiti nilikiweka juu ya njia ya siafu, na siafu wameshapanda suruali. Nilipoinua macho, Papa Kitenge alikuwa mbali kwenye majani, miguu mitupu, anavua abakosti huku anaitukana serikali yote ya siafu. Nami kwa ujinga nikafunga kamera kwa wakati uliopangwa, kana kwamba mambo ni shwari.

Chumbani, picha ilipojitokeza kwenye dawa, nikakaa chini.

Maji yalikuwa moshi mtupu! Mazuri kuliko ya kalenda. Kiti, safi kabisa. Viatu viwili mbele ya kiti, vinang'aa. Na Papa Kitenge... ukungu. Unauona mgongo wa kiti kupitia tumboni mwake.

Kabla sijaificha, dada yake mkubwa akaingia studio kuiulizia. Akaiona. Akapiga ukelele hadi bandarini.

Kufikia kesho yake habari ilikuwa mjini kote: fotografa amemtoa Papa Kitenge roho, vimebaki viatu. Wateja wakawa wanapita ng'ambo ya barabara. Ubatizo mmoja ukafutwa. Papa mwenyewe akaacha kula, akalala akitazama dari.

Hapo niliogopa kweli. Mtu anaweza kufa kwa hofu, na mimi ningekuwa muuaji.

Nikaenda kwake na kile kioo. Mbele ya ukoo wote nikamwomba mkewe, Mama Ngoie, aketi atulie. Nikafungua kamera, kisha mimi mwenyewe nikapitapita mbele yake. Nikasafisha, nikaleta: Mama safi kama sanamu, mimi sipo kabisa.

"Mnaona? Anayetembea haonekani. Niko mzima!"

Yule dada akatazama, akajifunga kitenge vizuri. "Basi mutakufa wawili."

Mama Ngoie akachukua ile picha ya mto, akaiangalia sana. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Kumbe! Miaka yote ya ndoa nimeishi na hii picha. Leo Kabalo, kesho Kabalo. Viatu viko, muntu hayuko! Wee Kitenge, amka ule. Hii njo wewe kabisa."

Na Papa akaamka, akaomba ugali. Picha ikatundikwa salon, juu ya redio. Alistaafu, akanenepa zaidi, na kila mgeni alikuwa anaelezwa habari za siafu na mwenye viatu mwenyewe.

Kwa hiyo mwenzetu, nunua filta ya kijivu nzito, ndiyo inayolainisha maji. Ile ya kuondoa mng'ao nayo nzuri ukitaka mawe ya chini ya maji yaonekane. Ila kabla ya kutazama lenzi, tazama ardhi unapoweka kiti.

Haya, nani mwingine kamera imewahi kumgombanisha na ukoo wa watu? Mwageni hapa chini, nasoma yote.