Shahidi Wangu wa Wavu Mbovu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma kwa posta kozi ya sheria ya kumlinda mnunuzi. Kila Jumamosi nilikaa nyuma ya kanisa pale Nchelenge, kando ya ziwa, na rafiki yangu, mama mmoja Mkongo aliyeuza samaki. Yeye hakujua Kiingereza, lakini mimi nikishamfasiria, alielewa kunishinda.

"Kitu kilingane na maneno ya muuzaji," nilimsomea siku moja.

"Njo vile," akasema. "Ukisema chisense, hii dagaa, ni ya leo, isikuwe ya juzi."

Msimu huo baba alinunua wavu dukani. Rafiki yangu alikuwepo. Muuzaji aliapa mbele yetu kwamba ni mpya wote, na kwamba ukiwa na kasoro tuurudishe. Baba alipoutandaza ufukweni kwetu Kabuta, mikunjo ya juu ilikuwa mipya, ya ndani ilikuwa wavu mkuukuu uliotiwa rangi. Uzi ulikatika kwa kidole.

Tuliurudisha. Muuzaji akasema tumeubadilisha wenyewe, kesi ikaenda kwa kamati ya soko. Sikuogopa. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na shahidi. Jumamosi ile tulifanya mazoezi ya maswali, naye akanisahihisha: "Usiseme haraka. Bataona unaogopa."

Siku ya kesi mwenyekiti alimuuliza rafiki yangu kwamba muuzaji aliahidi nini.

Aliangalia meza. "Mi siyue, mukubwa. Mi nilikuwa naangalia ndoano. Sikusikia kitu."

Nilidhani hakuelewa swali. Nikalirudia mwenyewe, polepole. Akajibu vilevile. Baba akanigusa mkono ninyamaze, na kesi ikaisha hapo, tumeshindwa.

Nilimfuata nje.

"Ndugu yangu," alisema, "ule muzee wa duka njo anabebaka samaki yangu na kamyo yake, ile lori, mpaka Kitwe. Wewe uko kwenu. Mi nitabebesha nani?"

"Alikuambia lini usiseme?"

"Ijumaa."

Ijumaa. Kwa hiyo Jumamosi, alipokuwa ananifundisha kusema taratibu, alikuwa ameshakata shauri. Hilo liliniuma kuliko wavu.

Baba alikata sehemu mpya ya ule wavu, akaishona, akawa anavulia karibu na matete. Kozi niliimaliza peke yangu, nikafaulu. Rafiki yangu akipita na baiskeli yake ya samaki, baba alimwitikia salamu vizuri tu. Mimi nilikuwa nainama, najifanya nakung'uta mchanga kwenye kiatu, mpaka apotee.